Makofi ya Waheshimiwa

Makofi yalisikika kwanza, yakitoka katika redio iliyofungwa ndani ya kitenge, juu ya lori lililotoka Butembo kwenda Beni. Kule Kinshasa wabunge walikuwa wamepiga kura: mwaka huu walinzi wa mbuga za wanyama hawana bajeti.

"Bamefanya muzuri," alisema Valère, karani wa serikali kutoka Kasai, naye amekalia gunia la makaa ya miti iliyokatwa katika mbuga hizohizo. "Tuko mu vita, mama. Miti haiombake mushahara."

Katungu, mke wa mlinzi mmoja, alimgeukia. "Donc bwana yangu ni muti? Analinda pori na kandambili, na batu ya bunduki bamejaa mule!"

"Mais député wenu, mubunge wa kwenu, naye amepiga makofi."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Hata buti alizokuwa akimpelekea mumewe siku hiyo zilinunuliwa na akina mama wa kanisa, si serikali.

Lori likasimama kwenye kizuizi cha mbuga. Mumewe akaja kufungua, kandambili zikinasa matopeni. Katungu alimrushia buti, akapaza sauti.

"Baba Kambale, ule mheshimiwa akikuya kuomba kura, ataacha viatu vyake kwa mulango yetu, arudi miguu mitupu. Miye nakuahidi!"