Kocha Stanslaus na Daftari la Mapigo ya Moyo

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mpendwa wetu, Mwalimu Stanslaus Bujiku, ambaye wengi wenu mlimwita Kocha, na mliokimbizwa naye alfajiri mlimwita majina mengine ambayo hapa hatutayasoma.

Alizaliwa Segese tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa nne wa Mzee Bujiku na Mama Serafina, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1970 hadi 1976, akahitimu ualimu 1983, na Januari 1984 akaanza kufundisha hapa Ngokolo hadi alipostaafu 2022. Tarehe 8 Julai 1989 alifunga ndoa na Mariana, wakajaliwa Nelly na Kalisti, watoto waliojua kuhesabu mapigo ya moyo kabla ya kujua kuhesabu ng'ombe.

Mwaka 2015 alianzisha klabu ya riadha, akanunua saa ya kupimia mapigo, moja tu, wanariadha tisa wakapokezana kila asubuhi, naye akiandika namba zote kwenye daftari, na daftari lile halikubishiwa. Mwaka 2018, wiki tatu kabla ya mashindano ya taifa, mapigo ya Paskalina, mkimbiaji wake bora, yalipanda kutoka 52 hadi 80, mikono ikatetemeka, kasi ikashuka, na Kocha akaamua kwamba binti halali usiku, ana mchumba, akamwongezea mizunguko. Alikosea, tena vibaya.

Alipokwenda Segese kumshtaki binti kwa baba yake, Mzee Boaz, alimkuta mama mtu akichoma dhahabu kwenye kikaango, jikoni, mlango umefungwa ili majirani wasione, moshi wa zebaki, sumu ya kunasia dhahabu, umetanda, na Paskalina, aliyerudi nyumbani kila Ijumaa kumsaidia mama, ameinamia moto huohuo. Aliacha mashtaka, akafungua mlango, kesho yake akampeleka binti hospitali Mwanza, mkojo ukapimwa, zebaki ikaonekana, naye akamwondoa mashindanoni. Mzee Boaz akamwambia amemnyima mtoto bahati yake, Kocha akamjibu kwamba bahati yenyewe ni kuwa hai, kisha mbele ya klabu nzima akamwomba Paskalina msamaha huku analia. Binti alipumzika mwaka mzima, akapona, akarudi kukimbia.

Lakini daftari lile halikuwa na namba ya Kocha hata moja, mkewe Mama Nelly alisema hadi akachoka, na Kocha alikuwa akimjibu kwamba kocha hakimbii. Novemba 2024 alianguka uwanjani, madaktari wakakuta shinikizo la damu la miaka mingi limeuchosha moyo. Wodini alimpa Paskalina mkono wake, binti akampima kila asubuhi na kuandika, na tarehe 9 Februari 2025 aliandika saa kumi na mbili na robo, nafasi ya namba akaiacha wazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ngokolo, walimu wenzake, wanariadha wake, na Mzee Boaz aliyechimba kaburi hili kwa mikono yake. Daftari sasa analo Paskalina, na jina la kwanza kuandikwa leo asubuhi lilikuwa la Mama Nelly.

Kocha, kesho alfajiri hakuna mazoezi, lala mpaka jua litoke, pumzika kwa amani.