Tangi Lililosema Nusu

Assalamu alaikum. Na wenzetu wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Mtaniwia radhi, nitazungumza nimekaa. Miguu imechoka, na mwenyewe nimechoka.

Mimi ndiye ninayegawa maji ya kisima chetu, kule bara ya Lunga Lunga. Tuna matangi manane na vijiji vimetawanyika. Chini ya kila kifuniko kuna kifaa kidogo cha redio, kinapima maji na kutuma habari kwenye antena ya kisimani, nami nazisoma kwenye simu. Tangi likipungua, nalifungulia maji. Zamani nilikuwa nikizunguka kwa miguu na jua lote lile, kwa hivyo msinicheke nilivyovipenda vifaa vile.

Taabu ilikuwa tangi la mwisho, bondeni, anakoishi dada yangu. Habari zake zilikuja kwa kubahatisha. Fundi aliyevifunga vifaa alikuwa amenifundisha kwamba ukipunguza kasi ya kutuma, ujumbe unafika mbali, ila unakaa hewani muda mrefu. Mimi nikashika neno moja tu: mbali. Nikapunguza kasi ya vifaa vyote vinane, na nguvu nikazipandisha hadi mwisho. Wallahi, nilijiona mhandisi!

Siku chache baadaye dada akanipigia. "Mdogo wangu, tangi limekauka."

Nikatazama simu. "Dada, huku inasema nusu. Labda bomba lenu limeziba."

Kesho yake akapiga tena. Nikamjibu yale yale, tena kwa ukali. Ndugu zangu, nawaambia, ile nusu ilikuwa habari ya siku nne nyuma. Vifaa vyote vilituma saa ile ile, kila kimoja kikivuta maneno, vikafunikana sauti huko hewani. Cha bondeni, chenye sauti hafifu, hakikusikika kabisa. Simu ikabaki na neno la zamani, nami nikaliamini kuliko mtu niliyezaliwa naye tumbo moja.

Dada akateka maji ya bwawa la ng'ombe. Binti yake akaharisha hata akalazwa hospitali ya Msambweni.

Nilikwenda kumwona kila siku, na dada hanitazami. Niliona haya, niliona haya sana. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikawa natembea nayo mkobani.

Mchana mmoja watu wa kijijini wakaingia wodini wote kwa pamoja, na salamu zetu mnazijua: za nyumbani, za shamba, mpaka za mbuzi. Mtoto anageuza macho tu. Bibi yake mzaa baba, aliyetoka bondeni tangu alfajiri, anasema naye kwa kisauti chake na hasikiki. Muuguzi akapandisha hasira.

"Jamani, mmoja mmoja! Nyinyi wa karibu, salamu fupi mtoke. Mwacheni bibi azungumze polepole."

Nikatoka nje na kumpigia fundi.

Tukavirudia vifaa vyote. Vya karibu tukavipa kasi kubwa na nguvu ndogo, viseme upesi vinyamaze. Cha bondeni tukakiacha na polepole yake na nguvu zake zote. Kila kimoja kikapewa dakika yake ya kutuma, na antena tukaipandisha juu zaidi. Sasa simu inaonyesha pia saa habari ilipofika. Ikiwa ya zamani, naenda mwenyewe.

Namshukuru muuguzi yule, ambaye hajui alichonifanyia. Namshukuru fundi, na nyinyi kina mama wa kamati ya kisima, mlioikataa barua yangu nilipowaletea. Nililojifunza ni hili: mtu akikwambia hana maji, nenda ukaone kwanza. Mitambo utaitengeneza baadaye.

Binti amepona, alhamdulillahi. Dada hakunisemesha kwa miezi. Juzi akanipigia, hata salamu hakutoa. "Tangi limejaa. Njoo ufue nguo zako huku."

Nikabeba beseni nikaenda. Tulifua mpaka adhuhuri, kisha akaniuliza kama nimekula.