Dirisha Namba Moja Halina Foleni

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu wa Uhamiaji. Wakuu wa vitengo. Na wenzetu wagonga mihuri mlioacha madirisha ili mje kupiga makofi:

KARIBU NA POLE

Karibu sana, na pole sana. Tunajua ulitua saa mbili asubuhi, ukatufikia hapa ghorofani saa nne na robo. Tumesikia pia kuna abiria alikuambia, "Mzee, usisukume, sote tuna haraka." Hatukukutambua, mheshimiwa, picha yako ya ukutani ina miwani. Na hata tungekutambua, dirisha la kipaumbele linataka kadi nyekundu, na kadi yako iko mezani kwako, inasubiri sahihi yako.

TULIKOTOKA

Dirisha hilo, namba moja, lilifunguliwa miaka mitatu iliyopita kwa utepe na keki. Tuliagizwa lisikae bila ofisa hata dakika moja, wala lisimhudumie asiye na kadi. Kwa kutii, sisi hatujambo.

MAFANIKIO

Tangu mwaka uanze limehudumia wasafiri kumi na mmoja, mmoja wao akiwa anatafuta choo. Hakuna aliyesubiri. Ofisa wake, ambaye ndiye huyu anayekusomea na ambaye wenzake humwita Balozi, ameshafuma sweta mbili humo ndani. Ya tatu imefika kwenye kola.

CHANGAMOTO

Viti vya abiria hatuna. Mwezi uliopita mama mzazi wa Balozi alirudi kutoka kwenye matibabu ya goti, akasimama foleni kwa muda wa saa tatu, hatua sita tu kutoka kwa mwanawe asiye na mteja. Balozi akampungia mkono. Mama akasema, ukumbi mzima ukasikia, "Kaa tu baba, usije ukafukuzwa kazi kwa ajili yangu."

Na kweli akakaa! Mtu mzima na akili zake, ana muhuri mkononi, akakaa! Jioni mama hakumlaumu. Alimpakulia chakula, akaenda kulala na goti limevimba. Sisi sote tuliona aibu, na huyu anayesoma hajaimaliza bado.

MAOMBI

Tuliandika maombi tisa, feni likiwemo. Tunayafuta yote, tunabakiza moja: dirisha namba moja likiwa tupu, limhudumie yeyote aliye mbele kwenye foleni.

Na tunaomba ruhusa hiyo sasa hivi, kabla ya hotuba yako. Mama alikwenda tena kuangaliwa goti, na ndege yake imetua. Ukigeukia kioo hicho utamwona kule chini: yule mwenye mkongojo, kama mtu wa themanini hivi kwenye foleni. Hatuombi awapite wenzake. Tunaomba foleni isogee. Sisi kumi tuko humu na wewe. Chini wamebaki wawili: mmoja anagonga mihuri, mwingine amekaa dirisha namba moja, mikono mapajani, kama ulivyoagiza.

Ukiitikia kwa kichwa tu, Balozi anaacha karatasi hii hapa mezani na kushuka ngazi. Tunakitazama kichwa chako, mheshimiwa.

Mungu akupe afya, magoti mazima na kalamu nyepesi.

Ni sisi, watiifu wako kupita kiasi,
Wagonga Mihuri wa Ukumbi wa Wanaowasili.