Mume Wangu Alipokataa Kula

Wapendwa, mmezoea kuniona jikoni, si hapa mbele ya kanisa. Mnivumilie, nitaeleza polepole.

Mume wangu ni Msamoa. Tulikutana kiwandani hapa Fort Worth, na nyumbani kwetu tuliongea Kiingereza. Kila Jumamosi jioni alipiga simu kwao, maana kule tayari ni Jumapili mchana na ukoo mzima uko kwenye chakula. Mimi nilipiga kwetu Uvira, Kongo. Kila mtu na watu wake.

Mwaka jana akapata kiharusi. Alipoanza kusema tena, Kiingereza kilikuwa kimepotea. Kilibaki Kisamoa, nami sikukijua. Kwao niliwaomba wasubiri apate nguvu ndipo waongee naye.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa mgeni kando ya kitanda cha mume wangu. Kibaya zaidi, aligoma kula. Nikileta kijiko anageuza uso, anarudia maneno yaleyale, kisha analia. Alikonda hadi pete ikamdondoka. Nesi akaniambia, "Mama, akiendelea hivi tutamwekea mpira wa kumlishia tumboni."

Jumamosi ile nikampigia wifi yangu Samoa, nikaweka simu karibu na mdomo wa mgonjwa. Wifi alisikiliza, kisha akaniuliza kwa Kiingereza, "Hapo nani anaombea chakula?"

"Mimi. Kimoyomoyo."

"Kimoyomoyo! Sasa yeye atasikiaje? Anasema chakula hakijaombewa. Ngoja."

Kweli, miaka yote aliyeomba mezani ni yeye, kwa lugha yake, kwa sauti. Mimi nilingoja amina tu. Kwenye simu kelele za vyombo zikakoma, mama mkwe akaanza kuomba, wote wakaitikia. Mume wangu akasema, "Amene." Akafungua kinywa. Uji ule aliumaliza.

Tangu hapo wifi alinifundisha sala ile, sentensi moja moja, kisha maneno mengine ya nyumbani. Kiingereza hakijarudi, na daktari hajatuahidi kitu. Mwezi uliopita mama mkwe alifariki. Wifi akapiga akilia: "Mwambie wewe, wewe uko naye." Nikamwambia kwa Kisamoa changu kibovu. Alinielewa. Siku hiyo nilitamani asingenielewa.

Namshukuru Mungu, wifi yangu, nesi yule, na ninyi akina mama mliokuja kufua nguo zetu bila kuitwa. Nami nakuomba hili: kama kwako kuna mtu anayeomba kwa lugha usiyoijua, leo mezani muulize anasema nini. Muulize angali anaweza kukueleza.