Dada Mstari na Mguu wa Fundi Viatu

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Dada Mstari, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga. Kwa baba alirithi kuchungulia saa kila mara, kwa mama ulimi usiojua kuficha, isipokuwa jambo moja tutakalolifikia.

Alisoma shule ya mtaani kwao, kisha chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1973. Wenzake wanakumbuka kofia yake aliyoipiga pasi hadi ikasimama yenyewe mezani.

Mwaka huohuo aliajiriwa wodi ya upasuaji, ile ya vitanda vyeupe vya chuma na mabeseni yaliyolia yakiguswa. Alipoingia mgonjwa mwenye maradhi yanayokula nyama chini ya ngozi, wauguzi walichora mstari wa kalamu kuzunguka uvimbe na kuandika saa. Uvimbe ukivuka mstari, hakuna kungoja kesho.

Asubuhi ya tarehe 14 Agosti 1975 alimwogesha fundi viatu aliyevimba mguu. Alimsugua vizuri, kama alivyofundishwa, akaufuta mstari uliochorwa mguuni. Angeweza kuchora mwingine akanyamaza. Aliacha beseni palepale, akamfuata daktari kwenye chai.

"Daktari, nimefuta mstari. Sijui ugonjwa umefika wapi."

Fundi alipasuliwa saa ileile. Alirudishwa mara nne kuondolewa nyama iliyokufa, na mara ya tano mguu ukakatwa juu ya goti. Mama alilia siku tatu. Kwa daktari alisema. Kwa fundi hakuweza.

Tangu hapo alitembea na kalamu ya wino usiofutika. Nyumbani nasi hatukupona: kaka yetu alikwenda shule na duara shavuni kwa sababu ya chunusi. Na viatu vyetu vyote vilipelekwa kwa yule fundi, hata vizima.

Tarehe 6 Desemba 1978 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa gari la wagonjwa, aliyependa kusema alichumbia kwa machela. Baba alitangulia mwaka 2016. Mama alistaafu mwaka 2007.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Mwezi uliopita alilazwa wodi yake ileile, na fundi akaja na magongo yake kumjulia hali.

"Kaka," Mama alisema, "mstari wako niliufuta mimi. Mguu ule nilikupotezea mimi."

"Najua, dada. Daktari aliniambia zamani. Alipanga kuniangalia tena jioni. Ulipomwambia umefuta, hakungoja. Hiyo jioni nisingeiona."

Mama alilia na kucheka pamoja. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa tatu asubuhi.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na fundi viatu aliyeketi pale mbele. Viatu alivyovaa Mama leo kavishona yeye. Apumzike kwa amani. Hana tena la kuficha.