Makopo Kumi na Tisa ya Kocha Ekow

Mchungaji, wakuu wa ukoo, wafiwa, majirani wa Ketan na Sekondi yote, nanyi vijana wa vyuma mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vyetu vya plastiki vinawaogopa, poleni na safari na poleni na msiba. Kwa desturi yetu mwili wa mwanaume ni wa ukoo wa mama yake, hivyo anayewasomea karatasi hii ni mpwa wake, Ekua, mtoto wa dada yake, kwa niaba ya ukoo mzima. Haya ni maisha ya Ekow Botwe Egyir, ambaye wengi wenu mlimwita Kocha, na tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho, maana yeye mwenyewe hakuwahi kukaa kitini mpaka hotuba ya mtu ikaisha, na leo ndiyo mara yake ya kwanza.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, hapa Ketan, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa marehemu Mzee Botwe Egyir, aliyekuwa mpanga mabehewa wa reli, na marehemu Mama Esi Kuma, muuza kenkey, madonge ya mahindi yaliyochachushwa. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akawa mtoto wa homa na kikohozi, mwembamba kiasi kwamba wenzake walimpa jina la Sindano, na kila mawingu yakitanda walimpigia kelele ashike nguzo asije akapeperushwa. Jina hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema, na hata alipokuwa na shingo nene kama gogo alikuwa akigeuka upesi mtu akitaja sindano barabarani.

Alianza shule ya msingi hapa Ketan mwaka 1967, akamaliza shule ya kati mwaka 1976, kisha akasoma ufundi Takoradi kuanzia 1977 hadi 1980 na kupata cheti cha fundi mitambo, na tarehe 2 Februari 1981 akaajiriwa katika karakana ya reli, Sekondi. Huko alimkuta mhunzi mmoja mzee, Papa Nunoo, ambaye saa ya chakula aliinyanyua ekseli ya kitoroli mara kumi kabla ya kugusa sahani yake, na huyo ndiye aliyemfundisha Ekow kila kitu alichokuja kutufundisha sisi: maharage, samaki na mayai, uzito unaoongezwa kidogo kidogo, mgongo ulionyooka, na usingizi. Papa Nunoo alikuwa akimwambia, "Kijana, chuma hakikujengi, chuma kinakubomoa. Unajengeka ukilala." Ekow alishika yote isipokuwa hilo la mwisho.

Kwa kweli tusidanganyane mbele ya jeneza, mtu huyu hakujua kutulia. Alikula amesimama, alisali amesimama mlangoni mwa kanisa, akienda kumjulia hali mgonjwa alizunguka kitanda mpaka mgonjwa akashikwa na kizunguzungu. Mwaka 1986, kwa barua ya ruhusa ya msimamizi wake, alibeba magurudumu ya vitoroli yaliyotupwa na vipande vya reli, akayachomelea mwenyewe, na uwanja wa nyuma wa nyumba ya mama yake ukawa jimu. Mwaka 1988 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya kujenga mwili ya mkoa, na mwaka 1990, pale Takoradi, akawa wa kwanza, na Mama Esi Kuma alipanda jukwaani bila kuitwa, akamfunika kitambaa begani, akawauliza majaji kama bado wanamwona Sindano.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa katika kanisa la Methodisti na Araba Mansah, mshonaji, binti wa Essikado, ambaye siku ya posa aliulizwa anataka nini kwa mume huyu, akajibu kwamba anataka akae chini mpaka kinywaji kiishe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Aba mwaka 1993 na Kwamena mwaka 1996. Kwa kuwa hakuna duka lililokuwa na shati la kumtosha, Araba alimshonea mashati yote ya maisha yake, na vipimo vyake alivijua kwa kichwa, jambo ambalo mtaona baadaye kwa nini tunalitaja.

Kazi ya reli ilipofifia aliiaga, mwaka 2003, na tangu hapo uwanja huu ukawa kazi yake na sisi sote tukawa wanafunzi wake kwa namna moja au nyingine. Alimlea kijana mwembamba kwa miaka miwili kabla ya kumwambia sasa unaanza kuonekana, hakupenda mwili wa kuvimba, alipenda misuli mikavu iliyoshikamana na mfupa, na aliyekimbia mazoezi ya miguu hakusalimika na ulimi wake. "Wewe," alimwambia mmoja, leo ni mchungaji na yuko hapa, "kifua cha mbunge, miguu ya kuku. Ukipiga chafya utaanguka." Kila Jumamosi aliazima mizani ya akina mama wa samaki, akawapima vijana mmoja mmoja na kutangaza kilo zao kwa sauti mpaka nyumba ya tatu, na aliyeongeza zaidi ya kilo moja kwa mwezi aliulizwa amekula nini.

Sasa tunafika mahali ambapo karatasi iliyochapishwa, hiyo mliyoshika mikononi, ukurasa wa nne, inasema kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Mkuu wa ukoo aliyaandika hayo kwa mapenzi, ili kulinda jina, na hakuna anayemlaumu. Lakini Ekow alikuwa amemshika mkono mpwa wake hospitalini, kwa mkono ambao bado ulikuwa na nguvu ya kuumiza, akamwambia, "Ukisoma, usiseme nimeugua muda mfupi. Sema kopo. Yule kijana atakuja kunizika, watu wa vyuma huja wote kuzika." Juzi, kwenye kikao cha ukoo, mpwa alirudia maneno hayo, na mkuu wa ukoo, baada ya kufuta miwani yake mara mbili, akasema, "Soma. Ila soma polepole, masikio yangu si yale." Kwa hiyo tunasoma polepole.

Mnamo Juni 2021 alikuja mtu asiyejulikana hapa, akiwa na unga wa kujenga mwili katika makopo meusi yenye kifuniko chekundu. Ekow alikuwa na miaka sitini, mikono ilikuwa imeanza kusinyaa, alikuwa amepunguza gurudumu moja kwenye chuma chake na kudhani hatujaona, na tunasema wazi kwamba aliogopa, aliogopa kurudi kuwa Sindano. Hakuuza asichokula, huo ulikuwa msimamo wake, hivyo alikula kwanza yeye, na kwa wiki tatu mizani ya samaki ikamwongezea kilo nne. Mtu aliyekuwa akiwahoji wenzake kwa kilo moja hakujihoji kwa nne. Akaanza kuagiza, na katika miaka miwili vijana kumi na tisa walinunua kwake, kila mmoja kopo lake kubwa la kuchota miezi kwa miezi, kwa sababu walimwamini yeye, si kopo.

Nyuso zikajaa. Na hapa kosa si lake peke yake, ni letu sote, kwa sababu mji huu ukimwona mtu ana mashavu unajua mambo yake ni mazuri, na nani amewahi kumpeleka hospitali mtu mwenye mashavu? Akina mama walikuja kwenye geti hili na trei za mayai na viazi vikuu, mmoja akapiga goti akasema, "Kocha, umenirudishia uso wa mwanangu." Mpwa anayewasomea, Pasaka ya mwaka 2023, alimshika mjomba wake mashavu yote mawili na kumsifu kwamba anazeeka kama chifu, na jambo hilo limemnyima raha mpaka leo.

Ni Araba peke yake aliyeona, kwa sababu yeye hakutazama uso, alitazama futi yake ya ushonaji. Siku moja alimpima shati jipya, akapima tena, akavua miwani, akasema, "Ekow, tumbo limeongezeka, shingo imeongezeka, viatu havikuingii. Mkono ni uleule wa mwaka juzi. Hizo kilo zimekaa wapi?" Ekow alitoka akaenda kunyanyua vyuma mpaka jioni. Shati lilibaki bila mikono.

Tarehe 11 Agosti 2023, siku ya Ijumaa, Yoofi Abaka, seremala, miaka ishirini na minne, alianguka kwenye benchi akiwa na chuma chepesi kabisa. Ekow alimbeba mwenyewe begani mpaka barabarani. Daktari aliomba kopo, likaenda kupimwa, na majibu yakasema kwamba ndani ya unga wa maziwa kulikuwa na vidonge vya kunenepesha vilivyosagwa, vya aina inayoshika maji mwilini, inayopandisha shinikizo la damu na kuzimaliza figo polepole. Zile kilo zilikuwa maji. Yoofi yu hai, tunamshukuru Mungu, anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na yuko pale mstari wa mbele amekaa, kwa sababu kubeba jeneza amekatazwa.

Aliyeleta makopo alikuwa ameshapotea. Ekow alianza kuyarudisha, nyumba kwa nyumba, kwa miguu, na kwa kuwa hakuandika majina aliwakumbuka wateja wake kwa uzito walioweza kunyanyua: yule wa kilo themanini kifua, yule wa mia na ishirini mgongo. Wengine walimpa kopo wakilia, wengine walimfungia mlango, na mmoja alimwambia usoni kwamba anaona wivu vijana wanampita, Ekow akakaa kwenye ngazi ya nyumba hiyo siku mbili mpaka akapewa. Alipata kumi na nane. La kumi na tisa alikuwa amemuuzia getini, siku ya mvua kubwa, kijana mwenye kofia ya koti usoni, ambaye hakuingia ndani, na kwa kuwa Ekow hakuwahi kumwona akinyanyua, hakuwa na namna ya kumkumbuka.

Huyo kijana ndiye aliyemmaliza mjomba wetu, bila kujua. Januari 2024 figo za Ekow mwenyewe zilionekana zimechoka, akaambiwa apumzike, na hapo tukajua kwamba mtu anaweza kuvumilia kila dawa isipokuwa hiyo. Alizunguka kila jimu kutoka Sekondi hadi Tarkwa na miguu iliyovimba, akisimama mlangoni na kuuliza nani alinunua kopo jeusi siku ya mvua. Alipolazwa alitoroka mara tatu, na mara ya tatu muuguzi alimkuta getini na viatu mkononi, akamuuliza, "Mzee wangu, hicho kitanda kina miiba?" naye akajibu, "Kina kopo moja." Aliaga dunia hospitalini, Jumanne tarehe 8 Aprili 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mguu, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu ya mkoa, hasa yule wa getini, unawashukuru majirani waliolala hapa na sisi wiki hizi sita, wafanyakazi wenzake wa zamani wa reli mliokuja na kofia zenu, akina mama wa samaki ambao leo hawakudai mizani yao, na kila kijana aliyerudisha kopo. Tunamshukuru Araba, ambaye jana alimalizia mikono ya lile shati, kwa vipimo vya zamani, na ndilo marehemu alilovaa.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye karatasi yoyote, kwa sababu limetokea leo. Asubuhi, tulipofungua uwanja ili tumtoe marehemu, tulikuta kopo jeusi lenye kifuniko chekundu juu ya benchi, halina jina, na limebaki nusu. Wewe uliyeliweka, hatukutafuti, aliyekuwa akikutafuta ndiye huyu aliyelala. Lakini nusu umeshaila. Tunakuomba Jumatatu asubuhi uende hospitali, chumba namba sita, daktari amekubali kukupima bila kukuuliza ulilinunua wapi, na Araba atakuwa amekaa pale nje tangu saa moja, ukiona mwanamke mwenye futi shingoni, kaa karibu naye.

Mjomba, yamerudi yote kumi na tisa. Hakuna tena mlango wa kugonga, wala jimu ya kwenda kuuliza, na hatutaki kukuona getini na viatu mkononi. Weka chuma chini, Kocha. Lile somo la Papa Nunoo ulilolikimbia miaka arobaini na minne limekukuta, basi pumzika, na amani ikae nawe.