Mkaguzi Aliniuliza Kama Nina Fundi Mwenzangu

Bwana wetu apewe sifa, ndugu zangu. Nawasalimu wote, na kwa namna ya pekee ninyi mliokaa kule nyuma karibu na mlango. Viti vile navijua. Nimevikalia miaka minne, nikitoka kabla ya baraka ili mtu asinishike mkono.

Wengi mnanifahamu kwa sura tu. Mimi ni Lusajo, fundi wa kukereza vyuma, karakana yangu iko Bondeni. Mashine yako ya kukoboa mpunga ikikatika shafti, huenda ile mpya niliikereza mimi. Mchungaji aliniomba nishuhudie, nikakataa mara mbili, kwa sababu ushuhuda wangu hauna ugonjwa ulioponywa wala ajali niliyonusurika. Una kifaa cha sumaku na barua ya ofisi ya serikali. Mnivumilie, maana Mungu alinikutia ndani ya barua ile.

Nianze na kifaa. Fundi akitaka kuchonga chuma, lazima chuma kishikwe kisicheze. Kwa kawaida tunakibana kwa vaisi, ile taya ya chuma ya mezani. Lakini bapa jembamba, kama yale ya ndani ya mashine za kukobolea, ukilibana linapinda. Ukilishika kwa meza ya sumaku, kama niliyojiundia mwanzo, sumaku inalivuta lote chini, linalala limenyooka, unalichonga, unafurahi. Ukiizima sumaku, bapa linarudi kupinda kana kwamba hukufanya kazi yoyote.

Nilihangaika na jambo hilo miaka mingi. Marehemu mke wangu, Subilaga, alikuwa akiniletea chai karakanani ananikuta nimeinua bapa kwenye mwanga naligeuzageuza. Ananiambia, "Baba Atupele, hicho chuma kimekukosea nini?" Mwisho nikapata njia. Nilitengeneza meza ndogo, sumaku zake nikazitoa kwenye spika kuukuu, na juu yake nikapanga vidole vifupi vya chuma vinavyopanda na kushuka. Unaweka bapa, kila kidole kinapanda mpaka kiliguse pale lilipo, unavifunga vyote kwa skrubu moja, ndipo unageuza mpini wa sumaku. Bapa linashikwa jinsi lilivyo. Halivutwi.

Subilaga ndiye mtu wa kwanza kuiona ikifanya kazi. Akasema, "Kaiandikishe, isije ikaitwa ya mtu mwingine." Alisema kwa upendo, akicheka. Miezi michache baadaye aliugua, akafariki wakati wa mvua kubwa.

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipopotea. Kati ya maneno yote mazuri aliyowahi kuniambia yule mama, mimi nilibaki na lile moja tu, la kitu changu kuitwa cha mtu mwingine. Nikalishika vibaya.

Nilikuwa na rafiki, Ambokile. Tulijifunza kazi kwa fundi mmoja, tukala sahani moja, tukasimamiana harusi. Siku ya msiba wa mke wangu alikuwa wa kwanza kufika. Uwanja ulikuwa tope tupu, watu wamejaa. Mimi nimekaa na wazee, nainua macho, namwona Ambokile amesimama kwenye mlango wa karakana yangu, mkono uko kwenye komeo. Ndani kulikuwa na ile meza ya sumaku.

Nikasimama katikati ya waombolezaji nikasema, "Ambokile, hata leo umekuja kuiba? Toka kwangu."

Alinitazama, akavaa kofia yake, akaondoka kwenye mvua. Mtu mmoja alijaribu kunishika bega, nikamtoa mkono.

Baada ya mazishi watu walikuja siku chache, kisha wakapungua, kisha wakaacha. Siwalaumu. Nani atapenda kukaa kwenye nyumba ambayo mwenyewe anakuangalia mikono? Nilipigilia mabati kwenye dirisha la karakana ili mpita njia asichungulie. Mteja akija nampokelea mlangoni. Jioni napika wali, mkono unapima wa watu wawili kwa mazoea, na asubuhi nakula kile kiporo nikiwa nimesimama. Binti yangu Atupele, aliyeolewa Mbeya, alinipigia kila Jumapili. "Baba, uko na nani?" Namjibu, "Nipo." Naye anasema haya baba, siku njema.

Kuna siku moja nilijikuta kutwa nzima nimetamka neno moja tu. Mteja aliuliza kazi yake itakuwa tayari lini, nikamwambia, "Kesho." Basi. Niliishi hivyo nikijiambia kwamba mimi ni mtu makini.

Wakati huo ndipo nilipoomba hataza, yaani ile haki anayopewa mtu aliyevumbua kitu, kwamba kwa muda fulani wengine wasikitengeneze bila ruhusa yake. Nikaandika maelezo ya kifaa, michoro mitatu, na madai tisa. Madai ndiyo yanayosema hasa unataka ulindiwe nini. Lakini nilifanya ujanja. Vidole vile nilivichora kwenye mchoro wa tatu, ila kwa maneno sikuvieleza. Niliandika tu kwamba bapa "linategemezwa ipasavyo". Kwamba unafunga vidole kwanza ndipo unawasha sumaku, na unavifunga kwa nguvu kiasi gani, yote hayo nilibaki nayo tumboni. Nilitaka serikali inilinde bila kujua inalinda nini.

Nikasubiri. Muda ukapita mpaka nikaanza kusahau. Siku moja dada wa steshenari pale mjini akaniita kwamba barua yangu imeingia kwenye baruapepe, akanichapishia.

Ilitoka kwa mkaguzi wa hataza. Kazi ya mkaguzi ni kusoma ulichovumbua, kisha kutafuta duniani kote kama hakikuwepo kabla yako. Nami ndugu zangu, kilikuwepo. Meza ya sumaku yenye mpini wa kugeuza, alisema, inajulikana katika nchi nyingine tangu zamani. Alikuwa ameambatanisha michoro. Nikatazama mchoro wa mtu nisiyemjua, wa nchi ya mbali, aliyetengeneza kitu changu kabla sijashika hata tupa. Mpini wake ulikuwa upande uleule wa mpini wangu. Dai la kwanza lilikataliwa, la pili, la tatu. La tano mpaka la tisa nayo pia.

La nne ndilo lile la bapa "kutegemezwa ipasavyo", yaani la vidole. Hapo aliandika kwamba hajaona mfano wake mahali popote, ila maelezo hayatoshi: fundi wa kawaida akiyasoma hawezi kukitengeneza kifaa. Nijibu katika muda uliowekwa, ama ombi lote lifutwe.

Nilikasirika. Nikapiga simu ofisini kwao nikitaka kugombana. Aliyepokea alikuwa mkaguzi mwenyewe, mwanamke, sauti yake ya utulivu. Nikajitaja jina, nikamwambia, "Mnataka niwaeleze siri yangu ili mtu ainakili?"

Akasema, "Shikamoo mzee. Hataza ndivyo ilivyo. Wewe unawafundisha watu wote waziwazi, na nchi nayo inakupa muda wako. Ukificha, hakuna tunachoweza kukulinda nacho."

"Sasa nifanye nini?"

"Usiongeze kitu kipya ambacho hakikuwemo ulipoomba. Hicho hakiruhusiwi. Lakini vidole vimo kwenye mchoro wako wa tatu. Vieleze. Halafu mpe fundi mwenzako maelezo hayo, asome bila wewe kuwepo, atengeneze. Akiweza, yatakuwa yametosha." Kisha akauliza, kawaida tu, kama mtu anayeuliza kama una kalamu: "Una fundi mwenzako hapo karibu, mzee?"

Ndugu zangu, akadhani simu imekatika, akawa anasema halo, halo. Mwanamke yule hanijui, hajui habari za msiba wala za Ambokile. Lakini niliposikia swali lile nilihisi kama niliyeulizwa na Mungu: Lusajo, una nani?

Nilikata simu. Ilikuwa mchana, mvua inapiga mabati. Nikakaa kwenye kile kigoda cha karakana nikalia kilio ambacho sikulia siku ya kumzika mke wangu. Maombi yangu hayakuwa marefu. Nilisema, "Kyala, Mungu wangu, sina mtu. Na ni mimi niliyewafukuza." Basi. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Ila niliposimama nilijua mahali pa kwenda, na niliogopa sana.

Jumamosi nikachukua karatasi zangu, nikaenda Bujonde, ambako Ambokile alikuwa amehamia. Nilimkuta amelala chini ya mashine ya kukobolea, miguu iko nje. Pembeni mkewe anageuza kakao kwenye mkeka. Yule mama aliponiona aliacha kugeuza.

Nikasema, "Ambokile, ni Lusajo."

Miguu haikusogea. Akasema kutoka kule chini, "Nimekusikia."

Nikaeleza habari ya barua, nikiongea na miguu. Nilitaka kuanza na msamaha, mdomo ukakataa, ukaanza na kazi. Nilipomaliza akasema, "Ziweke hapo kwenye gunia." Nikaziweka. Hakutoka. Nikaondoka hivyo hivyo, na njia nzima nilijiambia kwamba nimestahili.

Wiki ilipita. Siku ya nane nikasikia hodi karakanani. Ambokile, ameshika karatasi zangu, zimejaa alama za mafuta. Hakunisalimu. Alisema, "Umeandika 'kaza skrubu kiasi'. Kiasi gani? Mtu wa kijiji cha mbali, wa kule Ngana, atajua kiasi chako?"

Nikamwambia, "Ingia ndani." Miaka minne nilikuwa sijamwambia mtu maneno hayo.

Tukafanya kazi. Yeye anasoma nilichoandika na kufanya hicho tu, mimi nimekatazwa kusema. Mara ya kwanza vidole vililegea, bapa likapinda. Nikaandika upya. Mara ya pili alikaza mno, vidole vikalisukuma bapa juu. Nikaandika upya: kaza mpaka kidole kisishuke kwa kubonyezwa na dole gumba, usizidishe. Mara ya tatu akachonga, akazima sumaku, akalilaza bapa juu ya kioo. Tukainama wote wawili tukachungulia. Hakuna mwanga uliopita chini yake.

Tukakaa kupumzika. Hapo ndipo mdomo ulipofunguka. Nikamuuliza, "Siku ile ya msiba, mlangoni kwangu ulifuata nini?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja. "Benchi," akasema. "Mama zako wadogo walikuwa wamekaa kwenye tope. Nilikumbuka una benchi ndani."

Benchi, ndugu zangu.

Nilipiga magoti pale kwenye vumbi la chuma. Nikamwambia, "Nimekukosea wewe, na nimemkosea Subilaga kwenye msiba wake mwenyewe. Nisamehe." Aliniacha nikae chini muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaninyanyua kwa kiwiko, akasema, "Nilikuwa nangoja uniulize tu. Miaka yote hiyo, ungeniuliza tu."

Nilituma majibu. Mkaguzi akauliza jambo moja dogo, nikajibu, na hatimaye hataza ikatoka. Kati ya madai tisa nimepewa moja. Dai la vidole. Maelezo yake yapo wazi, yeyote atayasoma, na wala sikosi usingizi.

Nisiwadanganye kwamba upweke wote umeisha. Subilaga hajarudi. Zipo jioni ambazo nyumba ni kubwa mno kwangu, na mkono bado unapima wali wa wawili. Lakini kile kifungo cha kumwona kila mtu mwizi Mungu amenifungua, na amenifungua kwa swali la mkaguzi aliyekuwa kazini kwake tu. Ndaga fijo, Kyala wangu. Asante sana.

Ambokile hayupo hapa leo, anasali kwao Bujonde. Nilimwomba ruhusa ya kumtaja. Akafikiri, akasema, "Nitaje. Lakini uwaambie na hili, kwamba nilikuchukia. Kila Jumapili niliomba na bado nilikuchukia. Wasije wakadhani ni rahisi."

Basi nimewaambia. Si rahisi. Ninyi wa kule nyuma, leo nitasimama pale mlangoni mpaka mtu wa mwisho atoke. Kama yupo mtu uliyemfukuza, au aliyekufukuza, na hujui uanzie wapi, usipite haraka. Nipe mkono. Tutamwomba Mungu pamoja, na ukitaka kwenda kwa mtu huyo, nitakusindikiza.